Jerikeni Iliyojaa Mpaka Mdomoni

Mama yangu hajawahi kutuma chombo kikiwa nusu. Jirani akimletea mboga kwenye bakuli, bakuli hilo hukaa kwetu siku mbili tatu huku mama akitafuta cha kulijaza kabla ya kulirudisha: maharagwe, ndizi, mayai, chochote ilimradi lisirudi likiwa na nafasi. Akimpelekea mgonjwa mursik pale hospitali ya Kapkatet, yale maziwa yetu ya mgando yanayokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, basi kizibo kikifunguliwa maziwa lazima yaonekane pale pale mdomoni. Ng'ombe wakiwa wamekauka, haendi. Afadhali watu waseme hakuja kuliko waseme alikuja na kibuyu chenye hewa.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani sikuyajua. Niliyajua tangu utotoni, na ndiyo maana hasira yangu ni ya pande mbili, upande mmoja wake na upande mwingine wangu.

Kuna jambo lingine nililolijua kumhusu, au nilidhani nalijua. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, natoka shuleni nachuma chai hadi saa ya karani kufika kwenye kituo cha kupimia majani. Siku hiyo nilichoka mapema, nikajaza chini ya kikapu majani makuukuu, yale magumu ambayo hayafai, halafu juu nikapanga majani mawili na chipukizi, mazuri ajabu. Mama alitia mkono kwenye kikapu changu tukiwa tumesimama kwenye foleni. Hakuninong'oneza. Alikipindua kikapu chote chini, kwenye matope, mbele ya watu wote, kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Hii kikapu ni ya mtoto wangu, na hii uchafu ni yake. Karani, usipime." Watoto wenzangu walicheka wiki nzima. Nililia hadi nikapata kwikwi, lakini tangu siku hiyo niliamini kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye hawezi kuficha kitu kibaya chini ya kizuri.

Nilipokwenda chuo nikasomea kemia. Watu wa kwetu walitaka niwe daktari, na hadi leo wengine huniuliza dawa ya mgongo. Mwishowe nikaangukia kwenye mradi mmoja wa chuo kilichoko huku huku kwetu milimani, mradi wa mvua ya mawe. Yeyote aliyelima chai upande wa Kericho na Bomet anaijua mvua hiyo. Jua linawaka, mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, na kabla hujaanua nguo shamba limegeuka jeupe na majani yamechanika kama yaliyotafunwa na mbuzi. Wiki kadhaa baada ya hapo huchumi kitu. Mkuu wa mradi, profesa mmoja mwenye subira na masikio makubwa, alikuwa na ndoto ya kutengeneza roketi ndogo za kupeleka dawa mawinguni kabla mawe hayajaiva. Wazee walimwambia hilo si jambo geni, kwamba zamani waliona vitu kama hivyo vikirushwa kutoka mashamba makubwa. Alifurahi sana kusikia hivyo.

Kazi yangu mimi haikuwa roketi. Mimi nilikuwa mtu wa gundi. Wengi hudhani fueli ya roketi lazima iwe kitu cha kumimina kama petroli, lakini kuna ile ngumu, inayokaa kama kipande kimoja. Fikiria zile njugu zinazouzwa stendi zikiwa zimeshikwa pamoja na sukari. Njugu ni ule unga unaowaka, na sukari ndiyo gundi. Gundi ikiwa mbovu, kipande kinapasuka, kinamomonyoka, kinaacha nyufa ndani, na kitu chenye nyufa hakiwaki kwa adabu. Sehemu ya moto ilikuwa ya watu wengine, wenye vibali, tena bado ilikuwa kwenye makaratasi. Sisi kwenye maabara tulichanganya gundi yetu na chumvi ya jikoni badala ya ule unga, tuone tu kama inashika.

Na gundi yenyewe inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Mbarika huota kwetu bila kubembelezwa, kando ya chai, nyuma ya choo, kwenye mfereji. Mafuta yake yana kitu ambacho mafuta mengine hayana: kila chembe ina mikono. Ukitia dawa ya kugandisha, chembe zinashikana mikono kama watu kwenye duara la maombi, na unapata kitu kama soli ya kiatu, kinachopinda na kurudi. Ila lazima mafuta yawe safi. Yakiwa na maji, dawa inayavamia maji kwanza, gundi inajaa povu na kuumuka kama mandazi. Yakiwa na mafuta ya aina nyingine, basi umeleta kwenye duara wageni wasio na mikono. Wanasimama katikati tu, na duara halifungi.

Mafuta ya kuagiza ng'ambo yalichukua miezi kufika. Siku moja kwenye kikao, profesa akilalamika, nikanyanyua mkono. Nikasema mama yangu hukamua mafuta ya mbarika, bibi yake alikamua, na kwamba nikimwelekeza vizuri atatupa mafuta yanayoshinda ya ng'ambo.

"Una uhakika na usafi wake?" profesa akauliza.

"Prof, huyo mwanamke sikuanza kumjua leo," nikasema. "Usafi wake nausimamia mimi."

Nilisema mbele ya watu saba. Nakumbuka kila uso.

Chupa ya kwanza ilikuwa ndogo. Nilikwenda nyumbani nikakaa na mama jikoni siku nzima, tukakaanga mbegu kidogo, tukatwanga, tukachemsha, tukaengua mafuta. Kisha nikamwonyesha namna ya kuyapasha tena polepole mpaka yaache kutatarika. Nilimwambia mlio ule ni maji yanayotoka, asiepue mpaka sufuria inyamaze. Alipenda jambo hilo. Aliinamisha sikio juu ya sufuria kama anayesikiliza tumbo la mtoto, akasema, "Bado inaongea." Niliyapeleka maabara, na gundi iliyotoka humo ilikuwa laini, imara, haina povu hata moja. Profesa aliikunja kwa vidole, akaiacha irudi, akaikunja tena. Alizunguka nayo mfukoni wiki nzima.

Hapo ndipo nikaanza kujiona mkubwa. Profesa akapanga siku ya maonyesho: wakulima waje, wakubwa wa chuo waje, waone gundi ya Kericho iliyotokana na mafuta ya Kericho. Yakikubalika, mradi ungenunua mbarika kutoka kwa kina mama wa hapa na kuachana na ng'ambo. Kwa mama hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko harusi. Aliitangaza kanisani kwamba mafuta yake ndiyo yatakayozuia mawe.

Tulihitaji lita ishirini. Niliosha jerikeni ya njano mwenyewe, nikaikausha hadi ndani hakukuwa na hata jasho, nikaituma kwa lori la maziwa. Kisha nikampigia simu.

"Mama, nisikilize. Usiongeze kitu chochote. Ikipungua, tuma hivyo hivyo ikiwa imepungua. Sisi tutajipanga."

"Nimesikia."

"Hata ikiwa nusu."

"Nimesikia, mama. Kwani mimi ni mtoto?"

Huko kwetu mzazi humwita bintiye mama, na mama yangu akiniita hivyo huwa nalegea. Wiki tatu baadaye jerikeni ilirudi. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, imezibwa kwa karatasi ya nailoni chini ya kifuniko isimwagike hata tone. Nilimcheka peke yangu. Nilisema, huyu mwanamke ni hatari, amekamua mbegu za kijiji kizima. Nilifurahi, kweli, na kufurahi huko kunaniuma hadi leo.

Gundi ya kwanza kutoka jerikeni ile haikuganda. Tuliisubiri siku moja, mbili, nne. Ilibaki inanata kama ulimbo, ukiigusa inakufuata. Tukarudia, na ikawa vile vile.

Fundi wa maabara yetu alikuwa mzee mmoja Mkisii aliyekuja Kericho zamani na kujenga huku. Alikuwa amefanya kazi katika maabara ile kabla sijajua kusoma. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti lililopigwa pasi kila Jumatatu. Alichukua ile gundi kwa kijiti, akaivuta, akaitazama dhidi ya dirisha.

"Madam, hii mafuta imechanganywa."

"Imeingiwa na maji tu," nikamwambia. "Mvua inanyesha kila jioni hapa. Nani aliacha kifuniko wazi?"

"Ingekuwa maji ungeona povu. Povu iko wapi?"

Hakukuwa na povu. Niliona kwa macho yangu kwamba hakukuwa na povu, na nilikuwa nimefundisha darasa zima tofauti hiyo. Nikatoka nje nikampigia mama.

"Mama, kuna kitu ulichanganya kwa ile mafuta?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hiyo mafuta iko safi. Niliiskiza mpaka ikanyamaza, vile ulisema."

Nikarudi ndani na kifua mbele. Siku iliyofuata fundi alikuwa amenisubiri na gilasi mbili za spiriti. Alikuwa na tone la akiba la ile chupa ndogo ya kwanza. Akalidondosha kwenye gilasi ya kwanza, akatikisa, likayeyuka, spiriti ikabaki angavu. Mafuta ya mbarika hufanya hivyo, mengine hayawezi. Kisha akadondosha ya jerikeni kwenye gilasi ya pili. Yakageuka meupe, yakajikusanya chini. Aliziweka gilasi mbili kando kando mbele yangu na kwenda kunawa mikono.

Nilimwambia spiriti yake ni ya duka, ina maji ndani. Ni kweli spiriti yenye maji huleta ukungu, na kama angekuwa ametumia chupa mbili tofauti ningekuwa na haki. Alitumia chupa moja kwa gilasi zote mbili. Nikampigia mama mara ya pili, akasema hakuna. Nikampigia mara ya tatu, akakasirika.

"Unaniuliza kama polisi. Mimi ndio nilikufundisha kusema ukweli, ama umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Ile sauti yake ya foleni ya chai ilinijia masikioni, nikaona aibu kwa kumshuku. Aibu hiyo ilihitaji mahali pa kwenda, nikaipeleka kwa fundi. Nilikwenda ofisini kwa profesa nikamwambia vifaa haviangaliwi, jerikeni iliachwa wazi karibu na sinki, mafuta yameharibikia mikononi mwetu wala hayakuja mabovu. Sikumtaja fundi kwa jina, maana hapakuwa na haja. Wiki hiyo hiyo alihamishiwa stoo ya shamba la chuo, kugawa majembe na mbolea. Alikuja kuchukua koti lake. Aliniaga vizuri, akanipa mkono, na hilo sikulitegemea.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Nilijaribu kuyaokoa yale mafuta. Niliyapasha, niliyachuja, niliongeza dawa ya kugandisha. Kipande kimoja kikashika juu juu, ganda lake likawa kavu ukiligusa. Nikajiambia ndani kitashika kikikaa. Kilikuwa kipande kikubwa, ndani ya bomba la plastiki, gundi na chumvi, kiasi cha mkono wa mtu mzima.

Siku ya maonyesho mama alikuja. Alikuja na wanawake sita wa kanisa, wamevaa sare zao za Jumapili, akaketi mstari wa mbele kabisa. Alinitolea tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake, la mtu anayejua kwamba anatazamwa. Profesa aliongea. Mkulima mmoja kutoka Sosiot aliongea, akasema mwaka uliopita mawe yalimwachia vijiti tu. Kisha nikaitwa. Nikapasua bomba, nikakitoa kipande, nikakisimamisha mezani.

Kilisimama kwa muda wa kupumua mara mbili. Halafu kikaanza kuinama. Tumbo lake likavimba upande mmoja, ganda likapasuka, na ndani yake kukatoka uji wa manjano wenye chumvi, ukaenea juu ya kitambaa cha meza, ukadondoka kwenye viatu vyangu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akauliza, "Hiyo ndio ya kwenda mawinguni?" na wengi wakacheka.

Nilimtazama mama. Sikumtazama kwa kumshuku, nilimtazama kama mtoto aliyeanguka anavyotafuta uso wa mamake. Alikuwa ameinamisha kichwa anafungua na kufunga pochi yake. Profesa akasimama, akasema kwa upole unaoua kwamba alihakikishiwa ubora wa mafuta haya na mtafiti wake, na kwamba pengine tulifanya haraka kuamini mafuta ya vijijini. Mama alisikia. Wanawake sita walisikia. Mwanamke aliyemwaga kikapu changu kwenye matope ili karani asidanganyike, siku ile angeweza kusimama na kusema, hii uchafu ni yangu. Hakusimama. Alisubiri chai na mkate wa maonyesho, akanywa, akaondoka na wenzake.

Niliondolewa kwenye mradi. Hawakuniita mwongo, waliniita mwenye haraka. Nikapewa mada nyingine, gundi ya mbao, nikaambiwa nitamaliza shahada yangu salama. Mradi ukaagiza mapipa kutoka ng'ambo. Habari kwamba chuo kitanunua mbarika za kina mama ikafa, na wale waliokuwa wameanza kuotesha miche wakaing'oa.

Jerikeni ilibaki na mafuta robo, kwenye kona ya stoo ya maabara. Mwezi wa saba ukafika na ile baridi yake ya kuuma vidole. Asubuhi moja niliingia kutafuta ndoo, mwanga ukapita kwenye ile plastiki ya njano, nikaona chini kumekaa kitu cheupe, kizito, kama uji uliolala. Nilikichota kwa kidole, nikakinusa. Hapo sikuhitaji kemia. Kila mtoto aliyekulia jikoni huku kwetu anajua mafuta ya kupikia huganda mwezi wa saba, na kwamba ukitaka kukaanga sukumawiki lazima uweke mtungi karibu na moto kwanza. Mafuta ya mbarika hayagandi kwa baridi yetu. Nilikalia ndoo niliyokuja kuitafuta na kulia kwa hasira, machozi yale ya moto yanayomtoka mtu akiwa anataka kuvunja kitu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni anasugua kibuyu kwa ile fimbo ya mkaa. Sikumsalimia vizuri, na kwetu hilo peke yake ni vita.

"Ulitia mafuta ya kupikia," nikasema.

Aliendelea kusugua. "Nani amesema?"

"Imeganda, mama. Nimeiona kwa macho."

Akaiweka fimbo chini. Nilitegemea angekana mara ya nne, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliinuka, akaenda kwenye jerikeni ya maji iliyokuwa mlangoni, akaweka kiganja chake juu kidogo ya katikati.

"Mbarika ilifika hapa," akasema. "Mbegu ya kijiji yote iliisha. Nilizunguka mpaka Chepseon kwa dada yangu, iliisha. Nikaikalisha hapa mezani, nikaiangalia siku tatu."

"Nilikwambia utume nusu! Nilikwambia kwa mdomo wangu!"

"Ulisema." Alikuwa bado ameshika jerikeni ya maji. "Watu wa chuo walete chombo, kimeoshwa hivyo, kinang'aa, halafu mimi niwarudishie nusu? Waseme mama yako ni mtu wa aina gani? Na ni mafuta tu. Mafuta na mafuta. Sikuweka maji. Ulisema maji ndio mbaya, na sikuweka hata tone."

Hilo lilikuwa kweli. Siku nzima jikoni nilikuwa nimehubiri kuhusu maji. Kuhusu mafuta mengine nilisema tu asiongeze kitu, na nadhani kichwani mwake kitu ni uchafu, na mafuta mazuri ya dukani si uchafu. Kama tungeishia hapo ningeweza kumsamehe siku ile ile. Lakini hatukuishia hapo.

"Nilikupigia mara tatu," nikasema. "Mara tatu, mama. Ungesema hata ile ya tatu, nisingeaibika. Na kuna mzee wa watu nimemfukuzisha kazi yake kwa sababu nilikuamini wewe."

"Nilidhani itapita."

"Na siku ile? Ulikuwa umekaa pale mbele."

Kuku aliingia, akatoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Nilikuwa na kina mama wa kanisa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yake yote. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja aliniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya ukweli, na nilipokuwa mtu mzima akauacha ukweli ili yeye asiaibike mbele ya watu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Nikamwambia jambo ambalo hadi leo sijalirudisha, kwamba kikapu kile hakukimwaga kwa sababu ya ukweli, alikimwaga kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Niliondoka bila kunywa chai. Katika maisha yangu sijawahi kuondoka kwa mama bila kunywa chai.

Jumatatu nilikwenda kwenye stoo ya shamba. Fundi alikuwa amekaa kati ya magunia ya mbolea, koti lake limepigwa pasi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na mwisho nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitakwenda kwa profesa nikaseme. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Siku ile ya gilasi mbili, madam, hukujua?"

Nilitaka kusema sikujua. Nilifungua mdomo kabisa. "Nilijua," nikasema.

"Basi mama yako si peke yake," akasema, bila ukali. Kisha mtu akaja kuomba jembe na akainuka kumhudumia. Nilikwenda kwa profesa, nikasema. Fundi akaambiwa anaweza kurudi maabara, akakataa, akasema kwenye stoo hakuna anayemtilia shaka. Kila nikipita njia ile hunisalimia vizuri, na kila mara hunichoma.

Miezi kadhaa nilizungumza na mama kwa simu kama watu wa ofisi. Ng'ombe wako wazima? Wako. Mvua? Ipo. Hakuwahi kuomba msamaha, na mimi sikuwahi kurudisha lile neno langu la kikapu. Kisha juzi, baada ya msimu wa mbarika, dereva wa lori la maziwa akanipigia kwamba ana mzigo wangu. Kilikuwa kitu kimefungwa kwenye gunia, na ndani ya gunia katoni, na juu ya katoni kitenge cha zamani kilichokazwa kwa kamba ya katani. Dereva alisema mama amemwapisha asifungue njiani. Nilidhani ni kuku. Nilifungua kamba zote, na ndani nikakuta jerikeni ya njano.

Ilikuwa nusu. Hata nusu haikufika vizuri. Nilielewa kwa nini aliifunga mara tatu: plastiki ile inaonyesha mafuta yalipoishia, na hakutaka dereva, wala makarani wa maziwa, wala mtu yeyote njiani aone kwamba mama fulani wa Kapkatet ametuma chombo kikiwa na hewa. Nilikaa nayo mezani muda mrefu. Nikachukua spiriti, nikadondosha tone, nikatikisa. Ikabaki angavu kabisa, kana kwamba sikutia kitu.

Mapipa ya ng'ambo yalikuwa yamejaa chumba cha pili. Mimi nilikuwa mtu wa gundi ya mbao, na gundi yangu haitumii mbarika. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika chuo kile aliyekuwa akiyasubiri mafuta yale.

Simu ikalia. Alikuwa yeye, na hakuuliza habari za ng'ombe wala mvua.

"Imefika?"

"Imefika, mama."

"Haijajaa."

"Nimeona."

"Lakini ni yenyewe tu. Hakuna kitu nimeongeza. Itawatosha?"

Nilitazama jerikeni, nikatazama ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na mapipa. Nilijua jibu, na nilijua ameniuliza mara moja tu.

"Itatosha," nikamwambia. "Walikuwa wanaisubiri."

Akacheka kidogo, akasema atawaambia kina mama wa kanisa.